Herufi Tatu za Mzee Wanga

Mgeni akipita mtaa ule na kusikia watu wakimwita mzee yule Wanga, alikuwa akishtuka na kutazama pembeni, maana jina hilo linanuka uchawi. Kumbe wanga wenyewe ni ule wa kupigia kola za mashati. Mzee Wanga alikuwa dobi. Alianza ujanani na pasi ya mkaa, akaingia kwenye pasi ya umeme, akazeekea kwenye pasi ya mvuke, na muda wote huo hapakuwa na mtu mtaani aliyeweza kusimamisha kola kama yeye. Shati likitoka mikononi mwake, ungeweza kuliweka juu ya meza likakaa wima lenyewe, kama mtu aliyeitwa kujibu mashtaka.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma wa kusukuma, meza ndefu iliyovikwa blanketi kuukuu, na waya uliovutwa kutoka ukuta hadi ukuta, ambao juu yake nguo za watu zilining'inia zikiwa zimebanwa vikaratasi vya namba. Nyuma ya duka palikuwa na ua wa saruji wenye makaro ya kufulia, na nyuma ya ua vyumba viwili alimoishi. Kwa hiyo kutoka kitandani hadi kazini hakuwa na haja ya kukanyaga barabara, na zilipita siku, hasa za mvua, ambazo hakuona uso wa mtu isipokuwa wa mteja anayesukuma mfuko mezani huku simu iko sikioni.

"Ijumaa, mzee?" mteja angeuliza kwa kunyanyua nyusi.

"Ijumaa."

Na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo.

Zamani hakukuwa hivyo. Mkewe alikuwa mpokea simu katika ofisi moja kubwa, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuwaunganisha watu mchana kutwa, na alipotoka alipitia dukani, akakaa juu ya rundo la mashuka machafu, akaanza kusimulia nani kamtafuta nani. Alikuwa mtu wa mambo mapya. Siku moja, enzi zile kompyuta ikiwa bado kitu cha kufunikwa kitambaa kila jioni ili isiingie vumbi, alirudi kutoka kwenye semina ya kazini macho yakimwaka.

"Mume wangu, nimekuandikishia jina."

"Jina gani tena? Si ninalo?"

"La duka. La kwenye mtandao. Nimeandika Fua. Nimetafuta nikaona hakuna aliyelichukua, nikalilipia papo hapo."

Mzee Wanga, ambaye siku hizo hata hakuwa mzee, alicheka mpaka akalazimika kuweka pasi chini. "Sasa nguo za watu zitapita vipi kwenye waya, mama? Zitatokea upande wa pili zimeshakauka?"

"Wewe cheka tu. Watu wataagiza kila kitu kwa kuandika. Utaniambia."

Wakati huo majina yalikuwa bwerere. Neno lolote fupi mtu alikuwa akiliokota tu, na ada yake ya mwaka mzima haikuzidi gharama ya kufulisha mapazia ya nyumba moja. Mkewe alichagua Fua kwa sababu ndiyo kazi yenyewe, na pia kwa sababu herufi tatu zingemrahisishia mumewe, ambaye alikuwa akichapa kwa kidole kimoja na kukitafuta kila kibonyezo kama mtu anayetafuta sindano zuliani. Akamfungulia anwani ya barua pepe yenye jina hilo, naye akajifungulia ya kwake. Kwa miaka waliandikiana kutoka ofisini hadi dukani, maneno ya hivihivi tu: Leo nitachelewa. Usisahau koti la daktari. Mboga ziko kwenye beseni, zifunike.

Agizo la kufua halikuja hata moja.

Mkewe aliugua, akafa. Binti yao wa pekee alikuwa ameshakwenda ng'ambo kufanya kazi za zamu hospitalini. Alikuja kuzika, akakaa siku chache, akarudi alikotoka, na Mzee Wanga akabaki na pasi yake. Ada ya jina ilipofika alilipa bila kuwaza, kama anavyolipia maji. Na kila asubuhi kabla ya kuanza kazi alifungua sanduku la barua kwenye simu, akakuta matangazo ya dawa za kupunguza tumbo, akayafuta moja moja, akafunga.

Barua ya kwanza ya kulitaka jina nusura aifute akidhani ni tangazo jingine. Aliyeandika aliuliza kama Fua inauzwa. Mzee akajibu kwa heshima zote kwamba yeye ni dobi, duka haliuzwi, na kama mwandishi ana nguo achague siku ya kuzileta. Hakujibiwa. Zikaja nyingine, za lugha mbalimbali, za watu asiowajua. Mmoja wao alitaja bei kabisa. Mzee aliziangalia zile sifuri zilivyopangana, akahisi mtu huyo alisinzia kidole kikiwa juu ya kibonyezo.

Kisha alasiri moja ya Alhamisi simu ikaita.

"Shikamoo mzee. Naongea na mwenye Fua?"

"Marahaba. Ndiye huyu. Nguo gani?"

Upande wa pili mtu akacheka, kicheko kizuri cha kutoka tumboni. "Si nguo, mzee wangu. Mimi ni dalali."

"Dalali wa nyumba? Mimi sihami."

"Wa majina."

Mzee Wanga akavuta kigoda akaketi. Alijua madalali wa viwanja, wa magari, hata wa ng'ombe, lakini hakuwahi kusikia kwamba kuna watu wanaodalalia majina. Yule bwana akamweleza bila haraka. Majina mafupi ya mtandaoni yamekwisha, alisema. Ya herufi mbili yaliisha kitambo, na ya herufi tatu, kila unalolifikiria tayari lina mwenyewe.

"Siku hizi mtu anaandika kwa kidole gumba huku anatembea," dalali akasema. "Nani atakaa aandike jina refu kama treni? Kampuni ikitaka jina fupi, lazima imtafute mwenye nalo impigie magoti. Na bei kila mwaka inapanda, kwa sababu kampuni zinazaliwa kila siku lakini herufi haziongezeki."

"Na hao wanaolitaka la kwangu, wana mashine kubwa?"

"Mashine gani?"

"Za kufulia."

"Hawafui, mzee. Hizo ni herufi za mwanzo za jina lao, maneno matatu ya lugha yao. Hata hawajui kama fua ni neno."

Hilo lilimchoma Mzee Wanga kuliko alivyotazamia. Alikuwa amekwisha kuwaona akilini, watu wenye aproni nyeupe kwenye ukumbi mkubwa wenye mvuke.

"Basi waambie maana yake," akasema.

"Nitawaambia. Na wao wameniambia nikutajie hiki." Dalali akataja bei. Ilikuwa bei ya nyumba. Si nyumba ya fahari, lakini nyumba kamili, yenye paa na geti.

Mtu mwingine angeruka juu. Mzee Wanga alisema, "Nitafikiri. Nipigie Alhamisi ijayo."

Alisema hivyo kwa kuwa hakujua aseme nini. Lakini alipoweka simu mezani aliona kivuli cha ukuta kimeshatambaa hadi kwenye mlango, na koo lake limechoka kwa kuongea, uchovu ambao alikuwa ameusahau kabisa ulivyo. Akanywa maji. Akalichukua shati lililokuwa mezani, akalinyunyizia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akajisikia anapiga mluzi.

Alhamisi ikawa siku ya simu. Asubuhi yake aliwahi makaro, akapiga pasi za mashuka mapema, ili alasiri ibaki tupu. Hata nywele alichana, akijicheka mwenyewe, maana simu ile haikuwa ya kuonana. Dalali naye hakukosa. Kwanza alitaja kile ambacho wateja wake wamesema safari hiyo, na mzee akajibu kwamba amesikia, kisha mazungumzo yakateleza yakaenda kwingine. Dalali alisimulia habari za mama yake, aliyekataa katakata kuhamia ghorofani kwa sababu huko juu hakuna pa kumwaga maji. Mzee akamsimulia goti lake la kushoto, lililokuwa likimjulisha mvua kabla ya redio. Akamfundisha namna ya kutoa doa la wino kwenye mfuko wa shati, naye dalali alijaribu, akarudi na taarifa kwamba doa limetoka na mfuko nao umetoka.

"Mzee, kwako mimi sifui dafu," dalali alisema siku moja, baada ya kuongeza bei na kukuta mzee yuleyule, na jibu lilelile.

"Dafu hata mimi silifui. Lete shuka."

Walicheka mpaka mteja aliyeingia na suti mkononi akasimama mlangoni akimshangaa dobi, kwa kuwa hakuwahi kuyaona meno yake.

Miezi ikaenda, na dau likawa linapanda. Mzee Wanga hakuwa akifanya ujanja wowote. Lakini mtu ambaye hataji bei, hakatai, hakubali, na wala hakasiriki, machoni pa wanunuzi huyo ni mfanyabiashara wa kuogopwa. Dalali mwenyewe alimwambia kwa furaha kwamba ofisini kwa wanunuzi wamempachika jina la Jiwe.

"Wanauliza ulisomea wapi biashara, mzee. Wanasema hawajawahi kukutana na mtu mgumu namna hii."

"Waambie nilisomea kwenye karo."

"Lakini tuseme ukweli, mimi na wewe." Sauti ya dalali ikashuka. "Unataka nini hasa? Niambie, niwaeleze, tumalize."

Jibu lilikuwa limefika mdomoni. Mzee alilihisi pale, zima, jepesi: nataka upige tena. Akatazama nguo zilizoning'inia kwenye waya, mashati ya watu yenye mabega na mikono na bila watu ndani yake. Halikutoka. Mtu mzima, mwenye mvi, atasemaje neno kama hilo kwa dalali?

"Nipigie Alhamisi," akasema.

"Haya, Jiwe." Na wiki iliyofuata wanunuzi wakaongeza tena.

Habari hizi alimweleza binti yake kama kichekesho. Binti alikuwa akipiga simu mara moja moja, akishatoka zamu, na maongezi yao yalikuwa na njia yake iliyozoeleka: umekula, nimekula, baridi huko, joto huku, haya baba lala salama. Safari hiyo mzee, kwa kutafuta la kuongeza, akasema kuna watu wamechanganyikiwa, wanataka kununua lile jina la mama yako. Akataja na bei.

Binti akapaza sauti, "Baba! Na wewe unangoja nini?"

Tangu hapo simu yake haikuwa ya mara moja moja. Alipiga asubuhi, alipiga mchana. Alikuwa amesoma mambo hayo mtandaoni, akajua hata neno lake la kitaalamu, kikoa, na akajua kwamba bei za majina mafupi zinapanda lakini mnunuzi mmoja mmoja huchoka.

"Wanaweza kubuni jina jingine, baba, wakatuacha tumekaa. Hiyo ni pesa ya kupumzikia. Ungeacha kufua, mgongo wako ukapona."

"Nikiacha kufua nifanye nini?"

"Upumzike!"

"Mwanangu, napumzika kila siku. Humu ndani haingii mtu."

Alifurahi kumsikia mara kwa mara, hilo hakulificha moyoni mwake. Lakini alianza kugundua kwamba siku hizi hakuna anayemuuliza kama amekula. Maneno yalianzia kwenye jina, yakaishia kwenye jina. Siku moja, katikati ya maelezo marefu kuhusu namna pesa zinavyoshikwa na mtu wa kati mpaka pande zote ziridhike, mzee alimkatiza.

"Njoo," akasema. "Ukija nyumbani nitauza siku hiyohiyo, wewe ukiwa umekaa hapa mezani."

Alisikia milango ikifunguka na kufungwa kule binti aliko, na magurudumu ya kitanda cha mgonjwa yakipita. Binti alipojibu hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama tangu alfajiri.

"Baba, hata mimi unanipandishia dau?"

Mzee Wanga akaizima pasi.

"Nikija, nataka nije tu," binti akasema. "Sitaki kuja kwa kuahidiwa."

"Nimekosea, mama."

"Hapana. Basi. Ngoja nirudi kazini." Akakata, taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtu. Zikapita siku nyingi bila yeye kupiga. Mzee aliishika simu mara kadhaa, akaiweka. Alijua kile alichokifanya. Alikuwa ametia bei kitu ambacho kwa miaka yote alikuwa akisali akipate bure.

Alhamisi moja mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, nguo zote ziko ndani, chumba kinanuka sabuni na sufu iliyolowa. Simu ikaita wakati wake. Mzee akaipokea akiwa tayari na kisa cha bwana mmoja aliyesahau pete kwenye mfuko wa suruali.

"Shikamoo baba," ikasema sauti ya msichana. "Naongea na mwenye Fua? Mimi ndiye nitakayekuwa nawe kuanzia leo."

"Marahaba. Na yule bwana?"

"Amepelekwa kitengo kingine, baba, cha wateja wa ng'ambo. Lakini usiwe na wasiwasi, amenieleza kila kitu. Goti la kushoto linaendeleaje?"

Mzee Wanga alisimama na pasi mkononi. Mvuke ukatoka wenyewe, pss, ukamfunika uso.

"Nani amekwambia habari za goti?"

"Yeye mwenyewe. Aliniambia, ukimpigia mzee usianze na bei, anza na goti." Msichana akacheka kidogo, bila ubaya wowote. "Sijakosea mguu?"

"Hujakosea."

Alilizungusha neno lile kichwani, huku na huku, kama anavyozungusha shati akitafuta upande wa kuanzia. Huenda yule bwana alilisema kwa upendo, kama mtu anavyomkabidhi mwenzake mgonjwa na kumwambia anapenda mto upi. Huenda pia ulikuwa ufundi wa kazi tu, kama yeye anavyonyunyiza maji kabla ya kushusha pasi ili kitambaa kikubali. Hakuwa na namna ya kujua. Na akaona kwamba kutojua huko ndiko kutakakobaki, kwa sababu yule mtu hata kuaga hakuaga.

"Linaendelea vizuri," akasema, ingawa lilikuwa linamuuma tangu jana. "Binti, waambie nauza."

Msichana akapigwa na butwaa. "Kwa bei ya wiki iliyopita? Maana, baba, nikiwaambia hujaridhika, naona kabisa wata..."

"Hiyohiyo."

Mambo yakaenda mbio baada ya hapo. Kulikuwa na hati za kuthibitisha kwamba aliyeandikisha jina ni marehemu na mrithi ndiye yeye, kulikuwa na mtu wa kati wa kushika fedha, kulikuwa na nywila ya kuhamishia. Msichana alimwongoza hatua kwa hatua, kwa adabu, na kila mara alikumbuka goti.

Asubuhi ya kuhamisha, mzee alifungua sanduku la barua mara ya mwisho. Za mkewe zilikuwa zimebaki chache. Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa usafi, alizifuta zikiisha kazi. Msichana alikuwa amemwambia kwamba zinaweza kuhifadhiwa pembeni, akitaka. Akazisoma zote akiwa amesimama. Nitachelewa. Koti la daktari. Mboga ziko kwenye beseni. Hapakuwa na neno la kuhifadhi. Mboga zile zilishaliwa zamani, koti lilishachukuliwa, na aliyechelewa alifika siku ileile, akakaa juu ya rundo la mashuka akasimulia. Mzee akabonyeza alipoambiwa abonyeze. Kesho yake asubuhi, kwa mazoea, alijaribu kufungua sanduku kabla ya kazi, akaandikiwa kwamba anwani hiyo haipo.

Fedha ziliingia. Mfanyakazi wa benki alimvutia kiti, akamletea soda, akamwita mheshimiwa. Mzee Wanga aliinywa ile soda akarudi dukani, kwa sababu palikuwa na mapazia ya watu yaliyolowekwa. Alimpigia binti yake, akamkuta yuko kazini, akamwachia ujumbe wa sauti: "Nimeuza, mama. Fungu lako nimeliweka. Sikuambii ili uje. Nakuambia tu."

Binti alikuja baada ya mvua kuisha, bila kutoa taarifa. Mzee aligeuka na kumkuta mlangoni na sanduku la magurudumu, amenenepa kidogo, ana miwani. Kwa siku za mwanzo alikuwa akilala tu, usingizi wa mtu aliyedaiwa usingizi kwa miaka. Mzee alitembea kwa vidole asimwamshe. Kwa kuwa hakujua amfanyie nini, alilifungua lile sanduku, akatoa nguo zote, akazifua, akazipiga pasi hadi soksi.

"Baba," binti alisema alipoamka na kuzikuta zimepangwa. "Nguo hizi zimetengenezwa zisihitaji pasi."

"Najua."

Binti alizitazama. Akakaa kitandani, akachukua blauzi moja, akailaza mapajani na kuipapasa kola. "Mama alikuwa anaficha nguo zake za kazi usizipige wanga," akasema. "Alisema ukizipiga hawezi kugeuza shingo kupokea simu."

"Hakuniambia!"

"Hakutaka kukuvunja moyo."

Walicheka wote wawili, kisha kila mmoja akatazama upande wake. Yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko yote waliyokuwa nayo safari ile. Mengine yalikuwa ya hapa na pale, ya watu wanaopendana lakini hawana tena habari za pamoja za kusimuliana. Likizo ikaisha, gari likaja, akaondoka.

Alhamisi iliyofuata, mzee alijikuta amemaliza mashuka mapema. Alichana nywele. Akakaa kwenye kigoda. Simu haikuita, na hapakuwa na sababu ya kuita. Akaichukua, akapiga namba ya ofisi ya madalali. Mashine ikamkaribisha, ikamwambia kama ana jina la kuuza abonyeze moja, kama anatafuta jina abonyeze mbili. Akabonyeza moja.

"Karibu," akasema mtu. "Una jina gani?"

"Sina tena. Niliuza kwenu."

"Aa, hongera. Kuna tatizo la malipo?"

"Hakuna. Nililipwa vizuri."

"Sasa nikusaidie nini, mzee?"

"Kuna bwana mmoja hapo kwenu, au alikuwa hapo. Anacheka kwa tumbo. Nilitaka kumsalimu."

"Anaitwa nani?"

Mzee Wanga akafungua mdomo. Alhamisi zote zile, doa la wino, mama aliyekataa ghorofa, na bado mtu yule kwake alikuwa dalali tu. Hakuwahi kumuuliza jina.

"Basi, kijana," akasema. "Nitapiga tena."

Hakupiga tena.

Sehemu ya fedha alinunulia mashine kubwa ya kufulia, ya kumeza mablanketi na mazulia madogo, kitu ambacho makaro yake hayakuwahi kukiweza. Mashine ikachukua nusu ya ua, na kwa kuwa blanketi huchukua muda, alimwambia seremala atengeneze benchi refu la kuegemea ukuta wa duka, penye mlango wa uani, ili watu wasubiri wamekaa. Kichwani alikuwa na picha ya watu wakipiga soga alipokuwa akimpimia seremala urefu. Watu walikuja kweli, wakakaa kweli. Kisha kila mmoja akatoa simu yake akainama. Mzee Wanga alikunja mashuka akiwatazama visogo. Nyumba ilikuwa na watu, na kimya kilikuwa kilekile, isipokuwa sasa kilikuwa na mashine ndani yake.

Hata hivyo hakuliondoa benchi. Alizoea kusikia watu wakipumua. Aliwajua kwa kukohoa.

Siku moja aliingia mama muuza mayai, amebeba blanketi zito kichwani, akaketi mwisho wa benchi akaweka mikono magotini. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Alitazama dari, akatazama waya, akatazama mashine ikizunguka.

"We baba," akasema kwa sauti ya sokoni, mpaka wengine wakainua vichwa. "Hii mashine yako mbona inagonga hivyo? Kama imemeza sufuria?"

"Ni kifungo cha koti. Kimeingia mahali."

"Kikaingiaje, mbona ndani kumefungwa?"

Mzee Wanga akasikiliza mgongano ule kidogo, koo lake likijitengeneza. Akaweka shuka chini, akafuta mikono kwenye aproni, akavuta kigoda karibu na benchi, akaanza kumweleza.